Kwa Nini Mume Wangu Hakuzipindua Risasi

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI, KABLA YA KUTOLEWA ADHABU

Shahidi: mjane wa marehemu, pia binti wa kwanza wa mshtakiwa
Umri: miaka 29
Kazi: mfamasia, hospitali ya wilaya
Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali
Kosa: kuua bila kukusudia, kwa uzembe uliokithiri katika utunzaji wa silaha. Mshtakiwa amekwisha kutiwa hatiani.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo kwa makusudi ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ninazungumza kwa hiari yangu mbele ya sajini ambaye ndiye aliyeniandikia maelezo ya kwanza, mwaka jana, katika chumba hiki hiki.

Nimeitwa ili nieleze jinsi kifo cha mume wangu kilivyoniathiri, mahakama ipate kulifikiria hilo inapopanga adhabu. Nitaeleza. Lakini kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye maelezo yangu ya kwanza. Wakati ule sikujua kama linahusiana na kesi. Nimelijua nikiwa nimekaa mahakamani.

Baba yangu alikuwa askari jeshini kabla sijazaliwa. Alipostaafu, kampuni moja ya ulinzi ilimwajiri awe mtunza ghala la silaha. Ghala lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa chuma na kidirisha cha kupokelea bunduki, na ndani kuna redio ndogo ambayo sijawahi kuikuta imezimwa. Kule kazini walimwita Mzee Kufuli. Akishafunga mlango anauvuta, anaondoka hatua chache, kisha anarudi kuuvuta tena. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mama alizoea kumwambia, "Baba watoto, huo mlango nao ni mwili. Utachoka."

Mume wangu nilimpata kupitia kwa baba. Alikuwa kuruta katika kampuni hiyo, baadaye akapandishwa kuwa mkufunzi wa silaha. Baba alianza kumtaja mezani. "Kuna kijana kule, mkono wake hautikisiki kabisa." Mama akamuuliza, "Sasa sisi tunataka mkono au tunataka mtu?" Baba akamleta mtu. Alikuja na tikiti maji kubwa kuliko heshima ya kawaida, akalibeba kifuani kama mtoto, na baba akacheka mpaka akavua miwani. Tulioana mwaka uliofuata. Tuna binti mmoja wa miaka mitatu.

Ni lazima nieleze jinsi mafunzo yanavyofanyika, kwa sababu bila hivyo mengine hayataeleweka.

Kuruta analala kifudifudi na bunduki yake. Mkufunzi naye analala mbele yake, wanatazamana. Mkufunzi anashika kisahani cha bati chenye tundu katikati na kukiweka mbele ya jicho. Kuruta analenga lile tundu na kuvuta triga. Kupitia tundu, mkufunzi anaona kama mdomo wa bunduki umetikisika au umetulia. Baba aliyatoa mafunzo hayo jeshini. Alikuwa akisema kwamba kosa la mlengaji huwezi kuliona ukisimama nyuma yake. Kisahani alichotumia mume wangu alikitengeneza baba kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu.

Kwa hiyo kila siku ya mafunzo mume wangu alielekezewa bunduki usoni, mara nyingi, na kila mara triga ilivutwa. Bunduki tupu ikifyatuliwa mara kwa mara pini yake huharibika, na kuruta lazima azoee kupakia. Ndiyo maana hutumia risasi za mafunzo. Sisi nyumbani tuliziita bubu.

Bubu alizitengeneza baba kutokana na risasi halisi za zamani. Anafungua mdomo wa ganda, anamwaga gololi na baruti, anajaza mchanga mkavu ili uzito ubaki uleule. Halafu anang'oa kile kidude kidogo cha kwenye kitako kinacholipuka kikigongwa, na tundu lake analiziba kwa kipande cha raba ya kufutia penseli. Mwisho kabisa anaipaka risasi nzima rangi nyekundu ya kucha. Rangi ilikuwa ya mwisho siku zote. Ikishapakwa, maana yake kazi imekwisha.

Rangi aliichukua kwa mama. Ilifika mahali mama akawa ananunua chupa mbili dukani. Anaziweka mezani na kusema, "Hii yangu. Hii ya mke mwenzangu." Mke mwenza ni bunduki.

Aliyemfundisha mume wangu kukagua bubu ni baba mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia, wakati huo hata hatujaoana: "Rangi usiiamini. Pindua risasi, tazama kitako. Ukiona raba, lala mbele yake. Usipoona raba, usilale." Na mume wangu alifanya hivyo. Kila asubuhi ya mafunzo alimwaga bubu zote kwenye kiganja, akazipindua, akatazama vitako, ndipo akampa kuruta. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mimi ni mfamasia. Kwetu dawa anayotoa mtu mmoja hukaguliwa na mtu wa pili kabla haijamfikia mgonjwa. Mwenzangu akichukua bahasha niliyoijaza mimi, akaifungua, akatazama vidonge, sinuni. Namsubiri amalize. Nilidhani kila mahali watu wanakaguana namna hiyo.

Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea mwezi wa pili mwaka jana, siku ya mapumziko, tulipokwenda kula kwa wazazi wangu. Tulikuwa mezani baba, mama, mume wangu na mimi, na mtoto amelala kwenye kochi. Baba hakuwa anakula. Alikuwa anakisogeza chakula tu kwenye sahani. Mama akamuuliza kama hakina chumvi.

Baba akasema, "Mimi sina shida na chumvi. Muulize mkweo. Yeye ndiye mkaguzi."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ila nilikuwa sijui kwamba siku hizi nakaguliwa mbele ya makuruta."

Ikaonekana kwamba wiki ile meneja alipita uwanjani akamkuta mume wangu anapindua bubu, na baba amesimama pale karibu. Meneja akasema kwa sauti, "Mzee Kufuli, kumbe mkweo hakuamini? Au ndiye mkubwa wako siku hizi?" Makuruta wakacheka. Wengine ni watoto, umri wa mjukuu wake kama angekuwa na mjukuu mkubwa.

Mume wangu akasema, "Baba, ule ni utaratibu tu."

"Utaratibu huo kakufundisha nani?"

"Wewe, baba."

"Basi nilikufundisha unitazame kama mwizi?"

Mume wangu akainamia sahani yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi, lakini kwa baba alikuwa na heshima ambayo mimi mwenyewe sina. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Hilo baba alilijua. Akasema, kwa sauti ya chini sasa, "Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kumpa mtu risasi mbaya. Makuruta wakinidharau si neno. Lakini wewe ni mwanangu."

Mama akaingilia, "Haya jamani, kuleni. Humu ndani hatukagui, tunameza." Tukacheka. Baba naye akacheka. Akamwongezea mume wangu kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Tuliporudi nyumbani jioni ile hakuna aliyekuwa amemkasirikia mwenzake.

Siku kadhaa baadaye, mume wangu akiwa anapiga pasi sare yake, nilimuuliza kama bado anazipindua. Akasema, "Mzee aliumia, unajua. Akiwepo siwezi tena. Akiondoka napindua zote, mpaka nazipindua mara mbili kwa kufidia." Nikamuuliza, "Na asipoondoka?" Akaniangalia kwa kisahani chake, maana alikuwa nacho mfukoni, akasema, "Mzee Kufuli huyo. Wewe umewahi kumwona kakosea?" Nilicheka, kwa sababu ni kweli sikuwahi.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa sita mwaka jana, siku ya Ijumaa, niliingia kazini asubuhi kama kawaida. Mume wangu alikuwa ametangulia kutoka. Alimwamsha mtoto makusudi, jambo ambalo huwa nalikataza, akamtazama kupitia tundu la kisahani na kumwambia, "Nakuona." Huo ulikuwa mchezo wao. Nilimgombeza. Akaniambia, "Afande, samahani," akapiga saluti kwa mkono wenye kikombe cha chai.

Kabla ya saa nne alikuja muuguzi wa mapokezi ya dharura kwenye dirisha letu, anakimbia. Alitaka dawa za mtu aliyeumia vibaya kichwani. Karatasi haikuwa na jina, iliandikwa "mwanaume, mtu mzima". Nilizitoa mimi. Mwenzangu alizikagua. Muuguzi akaondoka anakimbia. Haukupita muda akarudi, safari hii anatembea. Akaziweka dawa dirishani zikiwa hazijafunguliwa, akasema, "Hazikutumika." Nikazipokea, nikazirudisha rafuni, nikazipanga. Nilipogeuka muuguzi alikuwa bado amesimama palepale, analia, na mimi nikamuuliza, "Dada, kwani ulikuwa unamfahamu?" Yeye alinifahamu mimi.

Hapa sajini ameniuliza kama nataka maji. Nimesema tuendelee.

Nilipofika mapokezi, baba alikuwa kwenye benchi la korido. Ndiye aliyekuja naye kwenye gari. Shati lake sitalieleza. Alikuwa amepakata kopo la bubu, na alikuwa anazitoa moja moja, anaipindua, anatazama kitako, anairudisha. Sikujua kama ameniona. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Zina raba, mama. Hizi zote zina raba." Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. Askari alipokuja kulichukua lile kopo, baba hakulitoa. Ilibidi mimi nimfungue vidole.

Yaliyotokea uwanjani sikuyaona. Nimeyasikia mahakamani, na baba hakuyapinga. Wiki ile alikuwa anatengeneza bubu mpya. Chupa ya rangi ilikuwa imebaki kidogo na inaanza kukauka. Akaona akisubiri mpaka amalize kutoa baruti, rangi itaganda. Kwa hiyo akapaka rangi kwanza, risasi zote zikiwa bado nzima, akaziacha zikauke, ndipo akaanza kuzitoa baruti moja baada ya nyingine. Akiwa anakaribia kumaliza akaitwa getini kupokea bunduki zilizorudi kutoka kwenye lindo. Aliporudi aliziona zote mezani, zote nyekundu. Kwa macho yake zilikuwa zimekwisha. Akazitia koponi, akafunga ghala, akauvuta mlango. Bila shaka alirudi akauvuta tena.

Risasi moja ilikuwa haijaguswa. Iliingia kwenye bunduki ya kuruta mmoja, mama wa watoto wawili aliyekuwa akiuza nguo kabla ya kuomba kazi ya ulinzi. Mume wangu alikuwa amelala mbele yake. Shahidi mmoja alisema maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Usiogope, mama, mimi sina deni lako. Vuta taratibu." Watu walicheka. Alikuwa akiwatuliza makuruta kwa utani.

Yule kuruta alikuja kwangu baada ya mazishi. Aliketi. Akainuka akaosha vyombo vyote vilivyokuwa jikoni, akafuta meza, akaondoka. Ninaomba mahakama ijue kwamba simlaumu kwa lolote.

Sasa nieleze jinsi kifo hiki kilivyoniathiri, kama nilivyoombwa.

Binti yangu anakunja kidole gumba na cha shahada kuwa tundu, anatazama watu kupitia hapo na kusema, "Nakuona." Anafanya hivyo kwa wauza duka na kwa wagonjwa. Kuna siku nilimshika mkono kwa nguvu kumzuia, na alilia, na tangu siku hiyo anafanya akidhani simtazami.

Kazini nimehamishwa, sikai tena dirishani. Niliomba mwenyewe. Nilianza kukagua dawa mara tatu, mara nne, foleni inafika nje, na mwenzangu ananiambia kwa upole, "Dada, zipo sawa." Ninajua zipo sawa. Mkono haukubali kuziachia.

Mama mkwe wangu alinipigia simu baada ya hukumu ya kutiwa hatiani. Alisema, "Wewe ni mke wa mwanangu au ni mtoto wa aliyemuua? Chagua, nijue nampigia nani simu." Simlaumu pia. Nilimwambia, "Mama, mimi ni wote wawili." Akakata. Sasa hupiga kupitia simu ya jirani ili aongee na mjukuu.

Mama yangu mzazi hanunui tena rangi ya kucha.

Ninafika sasa kwenye jambo lililonileta.

Wiki iliyopita mahakama ilisikiliza sababu za kuomba adhabu nafuu. Wakili wa utetezi alitaja umri wa baba, utumishi wake, na kwamba alikiri kila kitu. Hayo ni kweli. Kisha akasema kwamba marehemu naye alikuwa na wajibu wa kukagua risasi kabla ya kulala mbele ya kuruta, na kwamba asubuhi ile hakukagua. Akasema lau marehemu angezipindua angekuwa hai, na kwamba uzembe ulikuwa wa watu wawili, mmoja akaulipia wake kwa uhai wake. Aliomba adhabu ipunguzwe kwa sababu hiyo. Nilimwona mwendesha mashtaka akiandika.

Halafu akaongeza kitu ambacho yeye alikiona kidogo. Alisema mteja wake hakuwa na shaka yoyote na zile risasi, kwa sababu asubuhi ile mwenyewe alikuwa amesimama kwenye uzio wa uwanja, anatazama mafunzo. Alipenda kuwatazama, ingawa kwa miezi kadhaa hakuwa amepata nafasi. Alitoka ghalani makusudi aje amwone mkwewe anavyofundisha.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mume wangu hakuzipindua.

Hakuzipindua kwa sababu baba alikuwa pale. Asubuhi ile baba angebaki ghalani na redio yake, mume wangu angezimwaga kiganjani, angezipindua mara mbili kwa kufidia, angeona kitako kisicho na raba, angekwenda kumnong'oneza mzee faragha, na jioni angenisimulia huku anacheka. Alilala chini na kisahani jichoni kwa sababu hakutaka kumuumiza baba yangu mbele ya watu. Huo si uzembe. Uzembe ninaujua, nafanya kazi ambayo uzembe unaua. Mume wangu hakuwa mzembe hata siku moja. Alimheshimu mtu, basi, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Nimeulizwa na sajini kama mshtakiwa mwenyewe analijua hili. Najibu: sidhani.

Nilikwenda kumwona gerezani Jumamosi, baada ya kusikia maneno ya wakili. Tunaongea tukiwa tumetenganishwa na wavu. Amekonda, na miwani yake ina mkono mmoja, mwingine ameufunga kwa uzi. Aliniuliza kama mtoto anakula. Aliniuliza kama lile bomba la jikoni kwangu bado linavuja, akanieleza jinsi ya kubadilisha mpira wake. Kisha akasema, "Mama, wakili alisema ataliingiza lile la kwamba hakuzipindua. Nikamwambia sawa. Nilikubali kwa sababu ni kweli, nilikuwa nimesimama pale, nilimwona. Hakuzipindua."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akaukaribia wavu. "Lakini kwa nini? Nalala naliwaza hilo. Nilimfundisha mimi. Kila siku alikuwa anazipindua, hata nilikuwa naona kero. Kwa nini siku ile, siku ile tu, hakuzipindua?"

Hakuwa anajifanya. Ninamjua baba yangu akijifanya, hajui kufanya hivyo. Ile siku ya chakula ilikwisha kwake palepale mezani, alipomwongezea nyama. Yeye alinung'unika kama wazee wanavyonung'unika, akacheka, akasahau. Mume wangu ndiye aliyeibeba mpaka uwanjani.

Nilisema muda umekwisha, na muda ulikuwa haujakwisha.

Nilimwambia mama, aliyekuwa amenisubiri nje ya gereza, tulipofika nyumbani. Yeye aliikumbuka ile siku ya chakula palepale. Alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Akasema, "Liache. Hili ulilonalo libaki humu ndani, baina yako na mimi. Ukilipeleka mahakamani wanamwongezea miaka, na kwa umri ule hatoki. Na akilisikia, mwanangu, hata wakimwachia leo hatoki." Nikamwambia, "Mama, nikinyamaza imeandikwa kwamba mume wangu alijiua kwa uzembe. Mtoto akijua kusoma ataisoma." Mama akasema, "Mtoto ana miaka mitatu." Nikasema, "Ndiyo." Hatukuongea tena usiku ule, wala asubuhi. Leo amenisindikiza hadi hapa. Yuko kwenye benchi la nje na mtoto. Anajua ninachokisema.

Nimeulizwa ninaomba adhabu gani. Sina idadi ya miaka. Nimejaribu kuitafuta na sikuipata. Nikiwaza miaka mingi namwona baba anafunga miwani kwa uzi. Nikiwaza miaka michache naona zile dawa nilizozirudisha rafuni. Kazi ya kuhesabu ninamwachia hakimu.

Ninachoomba ni hiki. Baba asipunguziwe hata siku moja kwa kumtumia mume wangu. Kama mahakama inataka kumhurumia, imhurumie kwa ajili yake mwenyewe, na sababu zipo, nami niko tayari kuzisema kwa kiapo. Ni mzee. Magoti yake hayakunjiki. Alikiri kila kitu kabla ya kuulizwa. Alimpenda mtu aliyemuua kama alivyonipenda mimi, na kuna siku nilidhani anampenda zaidi. Wakimpunguzia kwa hayo nitashukuru, nitaita teksi na kwenda kumpokea mwenyewe siku atakayotoka, na mama mkwe wangu aniseme anavyotaka. Lakini ile sentensi inayosema marehemu naye alikuwa mzembe, naomba isiwemo kwenye hukumu. Si ya kweli. Alijua kukagua, na alikagua siku zote ambazo aliweza kukagua bila kumvunjia baba yangu heshima.

Ninajua kwamba kwa kusema hivi nimemwondolea baba tegemeo moja kati ya machache aliyokuwa nayo. Ninajua pia kwamba nimelijibu swali aliloniuliza, na kwamba nimelijibu mahali ambapo yeye hayupo. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Niliyoyajua nimeyasema, na hakuna aliyenituma kuyasema.

Sahihi ya shahidi: imetiwa

TAARIFA YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, sajini wa dawati la upelelezi, nikamsomea shahidi tangu mwanzo hadi mwisho. Amekubali kwamba ni sahihi. Nilimshauri kwamba mahali alipotaja "baba" tuandike "mshtakiwa", kama ilivyo kwenye jalada. Amekataa. Nimeliacha lilivyo.

Shahidi ameomba aruhusiwe kumsomea mshtakiwa maelezo haya yeye mwenyewe, kabla hayajasomwa mbele ya mahakama. Nimewasiliana na mkuu wa gereza na ruhusa imetolewa, kesho asubuhi. Nilimuuliza kama atapenda askari wa kike amsindikize. Kabla hajajibu, mama yake, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, alisema, "Hapana, afande. Nakwenda naye mimi. Na mimi nilikuwepo mezani siku ile."

Sahihi ya afisa: imetiwa